Anayesimama kwa Niaba ya Jamhuri: Karne ya Waendesha Mashtaka, Molo hadi Nakuru

Jumatano moja ya Juni 1923, mlowezi kijana wa Molo, Jasper Abraham, alimwazima rafiki yake farasi jike wa kwendea stesheni ya reli. Kisha akamtuma mfanyakazi wake, Kitosh, akamrudishe mnyama huyo, na akamwonya asimpande, amvute tu kwa kamba. Kitosh alimpanda. Jumamosi habari zikamfikia bwana. Jumapili alasiri Kitosh akacharazwa viboko, akafungwa kamba ndani ya stoo, na usiku huohuo akakata roho.

Kesi ilisikilizwa Nakuru mwezi wa Agosti, katika jengo la Taasisi ya Reli. Upande wa mashtaka haukukosa ushahidi. Maiti ilikuwapo, na daktari wa serikali aliyeipasua alisema majeraha ndiyo yaliyoua. Utetezi ukaleta madaktari wake, na hoja yao ikawa kwamba Kitosh alikufa kwa sababu alitaka kufa. Eti Mwafrika akikata tamaa ya kuishi, roho humtoka bila msaada wa mtu. Waamuzi walioketi kumhukumu Abraham walikuwa wazungu wenzake, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyowapa wazungu haki ya kuamuliwa. Hawakumtia hatiani kwa kuua. Walimpata na kosa la kumdhuru mtu vibaya, naye akafungwa miaka miwili. Karen Blixen, Mdenmark aliyekuwa akilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937, ndipo jina la Kitosh likajulikana mbali na Molo.

Anayepanda leo kutoka Nakuru kupitia Njoro, Elburgon na Turi hadi Molo anafuata njia ileile ya reli, na kando yake inaweza kusomwa karibu historia yote ya kazi ya mwendesha mashtaka nchini Kenya. Ni kazi isiyosifiwa sana. Wakili wa utetezi akishinda hubebwa juujuu nje ya mahakama, hakimu huogopwa, mwendesha mashtaka hukumbukwa zaidi siku anaposhindwa. Na katika ukanda huu wa kati wa Bonde la Ufa ameshindwa mara nyingi, kwa sababu ambazo mara nyingi zilikwisha kutokea kabla hajasimama kusema neno.

Kesi ya Kitosh haikuwa ya kwanza ya aina yake. Mwaka 1911 Galbraith Cole, shemeji yake kiongozi wa walowezi Lord Delamere, alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kumwibia kondoo huko Elmenteita. Waamuzi walimwachilia. Gavana Percy Girouard, akibanwa na London, alilazimika kutumia njia nyingine: akamfukuza Cole nchini. Ajabu ya jambo hilo ni kwamba serikali ilijiona haina nguvu ndani ya mahakama yake yenyewe, ikakimbilia amri ya utawala. Cole alirudi miaka michache baadaye, akaendelea na ufugaji wake.

Wakati huo koloni lilikuwa likitumia sheria za jinai zilizoletwa kutoka India ya Waingereza. Kesi kama ya Abraham ziliwapa maofisa wa London hoja ya kuzitupa, na tarehe 1 Agosti 1930 Kenya ikapata Sheria yake ya Kanuni za Adhabu pamoja na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Hizo mbili, zikiwa zimetiwa viraka vingi, bado ndizo zinazokaa juu ya meza ya mwendesha mashtaka wa Molo. Waamuzi wa kizungu hawakubadilika kwa kasi hiyo. Ilibidi ifike tarehe 18 Agosti 1960 ndipo mzungu wa kwanza anyongwe Kenya kwa kumuua Mwafrika: Peter Poole, aliyempiga risasi Kamawe Musunge mjini Nairobi Oktoba 1959, kwa sababu Musunge aliwarushia mawe mbwa wake. Kati ya Kitosh na Musunge ni miaka 36.

Wenye kushtakiwa kwa wingi, hata hivyo, walikuwa Waafrika, na kwao mashine haikukwama. Wakati wa Hali ya Hatari mahakama maalum ziliwahukumu watu kwa mafungu, na mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Kesi iliyoitikisa dunia ilifanyika Kapenguria, kaskazini mwa Bonde la Ufa, kuanzia mwishoni mwa 1952. Aliyesimama kwa niaba ya Malkia alikuwa Anthony Somerhough, naibu mwendesha mashtaka wa koloni. Watu wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuja Kenya, Somerhough aliongoza kikosi cha Uingereza cha kuchunguza uhalifu wa kivita nchini Ujerumani baada ya vita vya 1939 hadi 1945. Mtu aliyewasaka maofisa wa Hitler alijikuta akijaribu kuthibitisha kwamba Jomo Kenyatta na wenzake watano ndio walioiongoza Mau Mau.

Ushahidi wake ulitegemea sana maneno ya Rawson Macharia, aliyedai alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Hakimu Ransley Thacker aliyakubali, na Aprili 1953 washtakiwa wakafungwa miaka saba na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia aliapa upya na kusema alidanganya kwa kuahidiwa zawadi. Serikali ilimshtaki yeye, tena si kwa uongo wa Kapenguria bali kwa kiapo cha pili, akafungwa. Huenda hakuna mfano bora kuliko huo wa uwezo mkubwa kuliko wote alio nao mwendesha mashtaka: kuchagua ni uongo upi ushtakiwe.

Uhuru ulipokuja, uwezo huo ulikabidhiwa Mwanasheria Mkuu. Charles Njonjo, aliyepitia idara ya mashtaka ya serikali ya kikoloni, alishika kiti hicho kuanzia 1963 hadi 1980, na katiba ilimfanya awe mshauri wa serikali na papo hapo mwenye neno la mwisho juu ya nani ashtakiwe. Aliweza kuanzisha kesi, kuichukua kesi iliyoanzishwa na mtu binafsi, na kuisitisha wakati wowote kabla ya hukumu bila kumweleza mtu sababu. Waliomfuata, James Karugu, Joseph Kamere na Matthew Muli, walirithi kalamu hiyohiyo. Mwaka 1986 Bunge lilimwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kikatiba dhidi ya kufutwa kazi. Ulinzi huo ulirudishwa 1990. Katika miaka hiyo minne, mtu aliyekuwa na mamlaka ya kumpeleka yeyote kizimbani angeweza kuachishwa kazi kwa barua moja.

Ndiyo miaka ya kesi za Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Washukiwa waliletwa mahakamani Nairobi jioni, watu wengine wakiwa wamekwenda nyumbani, wengi bila wakili, wakakiri makosa na kufungwa siku hiyohiyo. Baadaye walieleza walivyoteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Aliyesimama upande wa mashtaka mara nyingi alikuwa Bernard Chunga. Kazi yake ilimpandisha hadi kileleni: mwaka 1999 aliteuliwa Jaji Mkuu. Mwaka 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilipounda jopo la kuuchunguza mwenendo wake, alijiuzulu.

Nakuru nayo iliguswa na kesi moja muda mfupi baadaye. Jonah Anguka, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru, alishtakiwa kwa mauaji ya Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko, aliyeuawa Februari 1990. Jaji wa kwanza alifariki kesi ikiendelea, kesi ikaanza upya, na mwaka 1994 Anguka akaachiliwa. Mauaji ya Ouko hayajamtia hatiani mtu yeyote hadi leo.

Lakini hizo ni kesi za wakubwa. Mkazi wa Elburgon aliyeshikwa kwa kuiba kondoo, kupika chang'aa au kupasua mbao za msitu wa serikali hakumjua Chunga wala Njonjo. Yeye alikutana na inspekta wa polisi. Kwa miongo mingi mashtaka katika mahakama za mahakimu yaliendeshwa na maofisa wa polisi, waliovaa suti siku ya kesi na kurudi kituoni jioni. Kituo kilichomkamata mtu ndicho kilichoandika taarifa za mashahidi, ndicho kilichochapa hati ya mashtaka, na mwenzao ndiye aliyewahoji mashahidi mbele ya hakimu. Shahidi na kiongozi wa mashtaka walikunywa chai kantini moja. Si kwamba maofisa hao walikuwa wabaya wote. Wengine walikuwa na uzoefu uliowatisha mawakili vijana, na waliujua mji wao na watu wake. Ila hapakuwa na mtu wa kulitazama faili kwa jicho la mgeni na kusema kesi hii haifai kwenda mbele.

Sheria ilitaka polisi anayeendesha mashtaka awe na cheo kisichopungua inspekta msaidizi. Maofisa wa cheo hicho hawakutosha. Katika vituo vingi makoplo wakasimama, na kwa miaka hakuna aliyeuliza, mpaka mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Elirema. Majaji walisema mashtaka yaliyoendeshwa na koplo hayakuwa mashtaka, na hukumu yote ikabatilishwa. Wafungwa kutoka pembe zote za nchi wakaanza kusoma upya kumbukumbu za kesi zao, wakitafuta jina moja tu: aliyewashtaki alikuwa na cheo gani? Wengi waliachiliwa kwa sababu hiyo, wakiwamo waliokuwa na makosa mazito. Aliyetoka gerezani alimshukuru Mungu. Aliyeibiwa au kujeruhiwa naye alibaki akishangaa ni kosa gani alilofanya yeye.

Molo, Elburgon na Njoro zilikuwa na jeraha kubwa zaidi. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Nandi mwishoni mwa Oktoba 1991 yalifika sehemu hizi mwaka 1992, nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia makanisa na vituo vya polisi. Yalirudi Njoro mwanzoni mwa 1998. Mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya majaji watatu: Akilano Akiwumi, Samuel Bosire na Sarah Ondeyo. Wakili aliyekuwa akiisaidia tume hiyo, John Nyagah Gacivih, aliondolewa njiani, na nafasi yake akapewa naibu mwendesha mashtaka wa serikali, Bernard Chunga. Ripoti ilimfikia Rais mwaka 1999 na ikafichwa hadi 2002. Ilipendekeza watu wachunguzwe, baadhi yao wenye majina makubwa. Faili hizo hazikuzaa kesi ambayo mkimbizi wa Elburgon angeweza kuitaja kama haki yake.

Hapo ndipo kazi hii inapomchanganya mwananchi. Mwendesha mashtaka hakusanyi ushahidi. Ni kama seremala anayeletewa mbao na mtu mwingine: zikija zimepinda au zimeliwa na mchwa, meza itayumba hata mkono wake ukiwa mzuri namna gani. Lakini mahakamani meza inapoyumba, seremala ndiye anayetazamwa.

Kesi iliyoeleza hilo vizuri zaidi ilianza kusini-mashariki ya Nakuru. Tarehe 19 Aprili 2005, ndani ya ranchi ya Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita, Tom Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, askari wa Huduma ya Wanyamapori aliyekuwa ameingia ranchini kikazi bila sare. Cholmondeley alisema alidhani ni mwizi. Alishtakiwa kwa mauaji. Kabla mwezi haujaisha vizuri, Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliwasilisha hati ya kusitisha kesi. Wamaasai waliandamana, wakatishia kuyavamia mashamba ya wazungu, na watu wa Nakuru wakakumbushana habari za mababu. Mwezi huohuo Philip Murgor, aliyekuwa akiongoza idara ya mashtaka ya umma tangu 2003, aliachishwa kazi. Nafasi yake ilichukuliwa na Keriako Tobiko.

Haukupita muda mrefu. Mei 2006, ndani ya ranchi ileile, risasi ya Cholmondeley ilimuua fundi wa mawe aitwaye Robert Njoya, aliyekuwa ameingia pamoja na wenzake na mbwa, wakishukiwa kuwinda swala. Safari hii hakuna aliyethubutu kugusa kalamu ya kusitisha. Tobiko alisimama mwenyewe mbele ya Jaji Muga Apondi, mkuu wa idara akiendesha kesi kama wakili wa kawaida, dhidi ya Fred Ojiambo, mmoja wa mawakili waliobobea nchini. Utetezi ulijaribu kuonyesha kwamba huenda risasi ilitoka kwa rafiki wa mshtakiwa, dereva wa mbio za magari Carl Tundo, aliyekuwa naye siku hiyo. Kesi ilichukua takriban miaka mitatu. Mei 2009 Jaji Apondi aliona hapakuwa na nia ya kuua, akamtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane zaidi, kwa kuwa alikwisha kukaa rumande Kamiti tangu 2006. Aliachiliwa Oktoba mwaka huo, na akafariki 2016.

Watu walihesabu: Abraham miaka miwili, Cholmondeley miezi minane. Hesabu hiyo haimtendei haki kila mtu aliyehusika, kwani Cholmondeley alikuwa tayari amekaa miaka mitatu ndani, na Tobiko alipata hukumu ambayo mtangulizi wake hakupewa hata nafasi ya kuitafuta. Lakini ndiyo hesabu iliyofanywa Gilgil, Nakuru na Elburgon, na waendesha mashtaka wanaishi na hesabu za watu.

Kufikia hapo mamlaka ya kusitisha yalikuwa yamekwisha kuanza kubanwa. Mwaka 2000, katika kesi ya Crispus Karanja Njogu, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukubali hati ya Mwanasheria Mkuu iliyoletwa bila sababu, wakisema mamlaka hayo si ya kutumiwa kama mtu apendavyo. Uamuzi huo ulizungumzwa sana na mawakili. Wananchi wengi walipitwa.

Halafu ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizoufuata. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, 744 kati yake vikitokea katika mkoa wa Bonde la Ufa. Kuresoi, Molo na Elburgon ziliwaka tena, na mwishoni mwa Januari 2008 moto ukaingia miji ya Nakuru na Naivasha. Kesi iliyotazamwa kuliko zote nchini ilihusu kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililochomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa wanawake na watoto. Ilisikilizwa Nakuru na Jaji David Maraga, ambaye miaka saba baadaye angekuwa Jaji Mkuu. Aprili 2009 Maraga aliwaachilia washtakiwa wote wanne. Katika uamuzi wake aliulaumu uchunguzi wa polisi kwa uzembe ulioiacha mahakama bila la kufanya. Mbao zililetwa zimeoza, na safari hii jaji alisema hivyo waziwazi.

Bunge lilikuwa limekataa Februari 2009 kuunda mahakama maalum ya humu nchini kwa ajili ya ghasia hizo, na ndivyo jina la mwendesha mashtaka mgeni lilivyoingia kila baa na kila matatu ya Bonde la Ufa. Desemba 2010 Luis Moreno-Ocampo, Mwajentina wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alitaja Wakenya sita. Nakuru na Naivasha zilikuwa kiini cha mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta. William Ruto na mwanahabari Joshua Sang walihusishwa na kaskazini mwa Bonde la Ufa. Watoto walipewa jina la Ocampo, na nguo zikauzwa kwa jina hilo. Fatou Bensouda wa Gambia, aliyemrithi katikati ya 2012, aliondoa mashtaka dhidi ya Kenyatta tarehe 5 Desemba 2014, akisema ushahidi hautoshi na kulalamika kwamba serikali ya Kenya haikushirikiana naye ipasavyo. Kesi ya Ruto na Sang ilisimamishwa na majaji tarehe 5 Aprili 2016. Bensouda alikuwa na bajeti, wachunguzi na majaji wa mataifa mengi, na bado alikwama mahali palepale alipokwama mwendesha mashtaka wa Nakuru: mashahidi waliojiondoa, na watu waliogeuza maneno yao.

Katiba ya 2010 ilivunja mpangilio wa zamani. Ibara ya 157 ilimtenga Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Mwanasheria Mkuu, ikampa muhula mmoja wa miaka minane usioongezwa, ikamruhusu kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze jambo, na ikasema haombi ruhusa ya mtu yeyote kuanzisha kesi. Kusitisha ndiko kulikofungwa: sasa ni lazima mahakama ikubali. Tobiko aliapishwa Juni 2011 kuwa wa kwanza chini ya mpango huo, na sheria ya 2013 ikaipa ofisi yake muundo wake yenyewe. Polisi waliondolewa hatua kwa hatua katika mashtaka, nafasi zao zikachukuliwa na mawakili walioajiriwa na ofisi hiyo: vijana waliomaliza shahada ya sheria, wakapitia Chuo cha Sheria cha Kenya na mafunzo chini ya wakili mzoefu, wakaapishwa kuwa mawakili, kisha wakapelekwa mahali wasipopachagua. Tanzania na Uganda nazo zimefuata njia ya namna hiyo kwa miaka yao.

Kwa wakili kijana anayeripoti Molo, mahakama inayowahudumia pia watu wa Elburgon, kazi huanza asubuhi na rundo la faili ambazo baadhi yake anaziona mara ya kwanza. Mna wizi wa viazi shambani, ugomvi wa mpaka ulioishia kwa panga, ubakaji wa mtoto chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, pombe haramu. Fomu ya P3 iliyojazwa na daktari haijarudi. Shahidi alikuja mara mbili, akapoteza vibarua vya siku mbili, na safari ya tatu hakutokea. Hakimu akichoka, kesi inaweza kuondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, mshtakiwa akitoka huru lakini akiwa anaweza kukamatwa tena. Au inaweza kufika mwisho na hakimu kusema hakuna kesi ya kujibu. Ukimuuliza mtu wa mji nani ameiharibu kesi, jibu litakuwa "yule wa serikali".

Bwawa la Solai lilionyesha hilo kwa uchungu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la kibinafsi katika shamba kubwa kaskazini mwa Nakuru lilipasuka na kuua watu 48, wengi wao wakiwa wamelala. Noordin Haji, aliyemrithi Tobiko muda mfupi tu kabla, aliagiza washukiwa washtakiwe, na Julai kesi ikaanza Naivasha kwa makosa 48 ya kuua bila kukusudia. Ikaahirishwa na kuahirishwa. Februari 2020 hakimu aliwaachilia washtakiwa wote, akiona upande wa mashtaka hauko tayari kuiendesha kesi yake wenyewe. Kilio cha waathiriwa kilikuwa kikubwa, na Mahakama Kuu baadaye iliubatilisha uamuzi huo na kuirudisha kesi. Hapa mbao hazikuwa tatizo. Wahandisi walikuwapo, vyeti vya vifo vilikuwapo, na bomoko lenyewe liliweza kuonekana kwa macho. Ni vigumu kumlaumu polisi peke yake.

Wakati huohuo Haji alikuwa akivutana hadharani na mkuu wa upelelezi, George Kinoti, juu ya nani hasa mwenye haki ya kupeleka mashtaka mahakamani. Mwaka 2022, baada ya uchaguzi na Kinoti kuondoka, ofisi ya Haji iliondoa kesi kadhaa za watu wakubwa, ikiwamo ile ya zaidi ya Sh7 bilioni dhidi ya Rigathi Gachagua, Naibu Rais wa wakati huo. Maelezo yalikuwa kwamba ushahidi haukutosha. Wengi waliuliza ulitoshaje kabla ya kura. Mwaka 2023 Haji aliteuliwa kuongoza Idara ya Ujasusi, na Septemba Renson Ingonga akakaa kwenye kiti chake. Tobiko naye alikuwa ameondoka mwaka 2018 na kuwa waziri wa mazingira, kabla muhula wake haujaisha. Miaka minane ya katiba, basi, hakuna aliyeimaliza bado.

Wakenya wamepata pia nafasi ya kulinganisha. Ndugu wawili wa familia ya Akasha ya Mombasa walikamatwa mwaka 2014 kwa ombi la Marekani, wakituhumiwa kufanya biashara ya dawa za kulevya, na mahakama za hapa zikaivuta kesi ya kuwahamisha kwa zaidi ya miaka miwili. Januari 2017 walisafirishwa hadi New York, mbele ya waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, ambao kila mkoa wao wa kimahakama huwa na mkuu anayeteuliwa na Rais wa Marekani. Wote wawili walikiri. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata, na nyaraka za upande wa mashtaka zikaeleza jinsi walivyowahonga maofisa nchini Kenya, wakiwamo waliokuwa ndani ya mfumo wa sheria. Mtu anayechaguliwa na Rais amefanya kile ambacho aliyehakikishiwa uhuru na katiba hakukifanya. Hata hivyo ulinganisho huo una kasoro: mwendesha mashtaka wa New York hukaa na wapelelezi tangu siku ya kwanza, huku wa Kenya akiendelea, mara nyingi, kulisubiri faili.

Elburgon ina faili zake za kipekee. Mji huu uliota kwa mbao, na marufuku ya kukata miti ya 1999, kisha ya Februari 2018, iliwafungia wenye mashine ndogo za kupasulia mbao huku ile ya kwanza ikiziacha kampuni kubwa chache, Timsales ya hapohapo ikiwamo. Tarehe 2 Julai 2023 Rais Ruto alitangaza akiwa kanisani Molo kwamba ukataji unaruhusiwa tena. Wenye viwanda walishangilia. Kukata katika msitu wa umma bila kibali kumebaki kosa, na anayesimama kwa niaba ya Jamhuri katika kesi hizo hukabiliwa na swali moja lisilokwisha: ameweza kuonyesha kwamba gogo lililopo mbele ya hakimu lilitoka ndani ya mpaka wa msitu wa Mau, si katika shamba la mtu upande wa pili wa barabara? Mlinzi wa msitu aliliona lori usiku. Kibali cha kusafirishia kilitolewa na ofisi nyingine. Mpaka wenyewe umepimwa na kupimwa upya tangu ardhi ya msitu ilipogawiwa watu, na ramani ya mpimaji ni lazima iletwe na mpimaji mwenyewe, ambaye siku ya kesi yuko Nairobi.